Alama za tenisi kwenye baraza la shule

Uwanja wa shule yetu hapa Goma umejaa mawe meusi ya volkano, na mpira wa tenisi ukidunda juu yake huruka upande usiotarajiwa. Kwa hiyo nafundishia kwenye baraza la saruji, kwa kamba niliyoifunga sentimita 80 kutoka chini, ilhali wavu rasmi una 91.4 katikati.

Siku ya mtihani sihesabu tu mipira iliyovuka. Natazama kama mwanafunzi amegeuza bega kabla mpira haujadunda, na kama anaupiga ukiwa mbele ya mwili wake. Msichana mmoja alikosa mipira sita kati ya kumi, lakini bega lake liligeuka kwa wakati kila mara. Nilimpa alama nzuri, na naamini nilimtendea haki.