Siku moja ya mhudumu wa baa, Sinza, Dar es Salaam

Saa nne asubuhi nipo kazini, nafuta meza, nabeba kreti, najaza friji. Wateja wa supu na chapati hawana shida, wanakula wanalipa wanaondoka na mning'inio wao wa pombe ya jana. Saa nane nakula ugali wangu nyuma ya jiko nimesimama.

Kazi yenyewe inaanza saa kumi na mbili jioni. Watu wanadhani sisi ni kubeba trei na kuchekacheka tu, na kuna wanaodhani na sisi tumo kwenye menyu. Hawajui kila bia ninayochukua kaunta wananiandikia mimi, kwa hiyo mteja akikimbia au akibisha bili hiyo ni shoti yangu, inakatwa kwenye mshahara.

Jana kwenye saa mbili wakaja kaka watatu. Kuku choma mzima na ndizi. Nikawaambia, "bosi zangu, huyo ni dakika 45", wakasema poa, dakika 10 hazijaisha naitwa "psssss" kama paka, maji ya kunawa nimepeleka mara mbili kuku bado yuko jikoni. Mmoja nimemuuliza bia ya moto au ya baridi, kasema baridi, nimeshafungua ndo anashika chupa, "mbona baridi hivi, nibadilishie". Kizibo kikitoka kaunta hawapokei! Bahati mzee wa meza ya pembeni akaichukua, Mungu ambariki.

Bili sasa. Mimi nina bia 11, mezani chupa 9. "Dada unataka kutupiga." Sikubishana, vizibo huwa natunza kwenye mfuko wa aproni, nikavitoa nikavipanga kimoja kimoja mpaka 11, bado wanasema vya meza nyingine, meneja kaja anawapa pole WAO. Ndo yule mzee akainama, "na hizo mbili chini ya kiti chenu wanangu?"

Wakalipa. Chenji ya mia tano wakaisubiri.

Baada ya hapo saa sizikumbuki, trei, kachumbari imeisha, mtu katapika mlangoni, psssss, magoti yanawaka. Tumefunga hesabu saa nane usiku huko, imekaa sawa, shoti sina. Mimi na mwenzangu wa kaunta tukapanda boda moja mshikaki, viatu nimevishika mkononi.