Ruskin nilimsoma kwa sauti

Msaidizi mmoja wa mwalimu aliniambia juu ya The Stones of Venice, kitabu cha Mwingereza John Ruskin kuhusu majengo ya Venice, mji wa Italia: "Ruka maneno matamu. Chukua matao, nguzo na miaka." Nikatii. Nikapiga mistari kwenye kaye, matao huku, karne kule, nikajaza kurasa mpaka biki ikakauka. Jedwali lilipendeza, ila ukiliuliza kwa nini Ruskin anaichukia Renaissance, ule mtindo wa kuiga Wagiriki na Warumi wa kale, kama mtu aliyedhulumiwa, kimya.

Jibu limo kwenye usimulizi. Juzuu ni tatu, 1851 hadi 1853. Anafungua na viti vitatu vya enzi vya baharini: mji wa kale wa Tiro, Venice na Uingereza. Viwili vimekwisha, cha tatu ni cha wasomaji wake mwenyewe! Juzuu ya mwisho inaitwa Anguko. Hata siku Venice ilipoanza kuporomoka anaitaja: 8 Mei 1418, alipokufa Carlo Zeno, jemadari wake wa baharini. Hayo ndiyo niruke?

Dada yangu mkubwa, Yaya tunavyomwita, anauza maharage soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi. Jioni akichambua, mimi nakaa na fotokopi za Kifaransa (zilinimalizia pesa ya teksibasi ya wiki nzima hivi), namsimulia kwa Kiswahili papo hapo. Nikachagua safari ya kwenda San Marco, kanisa kubwa la Venice. Kwanza Ruskin anakutembeza kwenye kanisa kuu la Uingereza: nyasi, utulivu, ndege wakilia juu ya minara. Halafu anakutia kwenye kichochoro cha Venice, futi 7 palipo papana kabisa, wachuuzi wanapiga kelele, maduka yana giza, na kule ndani taa hafifu mbele ya picha ya Bikira Maria. Sentensi zinaongozana bila kukupa pa kupumua. Yaya akaweka ungo chini.

"Huyu muzungu bado hajatoka?"

"Ngoja, Yaya."

Uwanja ukafunguka, nguzo na kuba nyeupe zikapanda pamoja kwa rangi na mwanga. Akavuta pumzi.

"Kumbe alitubana makusudi."

Kazi yangu yote ikatoka hapo. Penseli pia inasaidia: tia alama kila pumzi inapokatika, utaona alama zinavyorundikana kichochoroni. Mbele ya darasa nilichora chaki mbili sakafuni, kama mita 2 kati yake, nikawasimamisha humo wenzangu wanene huku nikisoma. Walicheka, lakini walielewa.

Msianze na juzuu ya kwanza, imejaa misingi, kuta na paa. Ya pili ndiyo mlango. Ya tatu sijaimaliza, na Yaya ananidai kila jioni.