Njoo na Uzi Uliokatika: Siku Moja Maishani Mwangu, Kisumu

Saa mbili asubuhi

Jumamosi ndiyo siku ya nyuzi za gitaa. Kesho ni ibada, na wapiga gitaa wa makanisa, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, wanakumbuka leo kwamba kuna uzi ulikatika Jumapili iliyopita. Kabla hawajaanza kuingia, kuna kazi moja: kukagua akiba.

Nyuzi za chuma hukaa ndani ya mkebe wa biskuti unaofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Hewa ya ziwa haina huruma na chuma. Pakiti ikitoboka hata tundu la sindano, nyuzi nyembamba ndizo huumia kwanza. Ni chuma kilichopakwa bati tu, na bati ikichubuka kutu inaingia. Upitishe uzi kati ya kucha mbili: ukisikia vijipele, huo si wa kuuza, hata kwa nusu bei.

Saa tatu

"Fundi, nipe uzi namba moja tu, ule mwembamba kabisa."

"Uliokatika uko wapi?"

Umetupwa. Karibu kila mtu huutupa, na ndio shahidi pekee. Uzi uliokatikia kwenye daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa, unasema kuna ncha kali pale unapokalia. Uliokatikia kwenye kigingi cha kukazia, kule kichwani, unasema tundu la kigingi lina makali, au uzi ulikunjwa kwa koleo ukapinda vibaya. Ukifumukia kwenye gololi, kile kipete kidogo mwishoni, huenda ni kasoro ya kiwandani. Na ukikatikia katikati, juu ya freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, basi umechoka: tazama chini yake utaona umelika.

Bahati nzuri gitaa la umeme lenyewe limeletwa. Nyofoa pamba kidogo, ipitishe polepole juu ya kikalio cha uzi wa kwanza. Pamba ikiacha nyuzinyuzi, pale pana makali, hata kama jicho halioni. Kunja msasa namba 600 uwe mwembamba kama mfereji wenyewe, sugua mara nane au kumi ukifuata njia ya uzi, usikate mfereji kwenda chini. Pamba tena. Ikipita bila kunasa, ndipo uzi mpya unafungwa. Bila hivyo, Jumapili ijayo atarudi na nyimbo nusu.

Saa nne na nusu

Mwalimu wa kwaya ana gitaa la boksi, lile lisilo la umeme, na vidole vinavyomuuma. Anataka "nyuzi laini". Hapa lazima tuongee namba.

Namba ya seti ni unene wa uzi wa kwanza kwa elfu za inchi. Seti ya 12 inaanza na uzi wa inchi 0.012, yaani kama milimita 0.3, na kwa kawaida inaishia 53. Ndiyo ya kawaida kwa boksi. Gitaa la umeme huvaa 9 hadi 42 au 10 hadi 46. Tofauti ya namba moja inaonekana ndogo, lakini mvuto hupanda kwa mraba wa unene. Kutoka 10 kwenda 9 unapunguza karibu asilimia 19: kwenye gitaa la umeme la urefu wa kawaida, uzi wa kwanza unashuka kutoka kilo 7.3 hivi hadi kama 6. Kidole kinahisi siku hiyohiyo.

Mwalimu anapewa seti ya 11, si 10. Boksi likivalishwa nyuzi nyembamba mno, uso wa mbao hautikisiki vya kutosha na sauti inakuwa kama ya kopo, tena kanisa lake halina spika. Shingo nayo ilizoea kuvutwa na 12. Ikipunguziwa mzigo inarudi nyuma kidogo na freti za kwanza zinaanza kuzomea. Robo mzunguko wa ule mtaimbo ulio ndani ya shingo kwa kawaida hutosha, kisha tunasubiri.

Kuna njia nyingine ambayo watu huidharau: kushusha tuni nusu sauti. Mvuto unapungua kama asilimia 11 bila kununua kitu. Lakini mpiga kinanda lazima akubali, na hapo ndipo vita huanzia.

Saa sita

Mama ameleta gitaa la mwanawe la shule. Daraja limeng'oka, limebaki linaning'inia kwenye nyuzi. Gitaa ni la nailoni na mtu alilivalisha chuma.

Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote, na huonekana karibu kila muhula. Seti ya chuma ya 12 huvuta zaidi ya kilo 70, kama mtu mzima amening'inia pale mchana na usiku. Seti ya nailoni ni kama kilo 40 tu. Magitaa mengi ya nailoni hayana mtaimbo shingoni, na mbao zake zimechongwa nyembamba makusudi. Utalitambua kwa kichwa chenye matundu mawili marefu na kwa daraja ambalo nyuzi hufungwa fundo badala ya kushikwa na pini. Ukiona hivyo, chuma ni marufuku, hata ile inayoitwa laini.

Nailoni kwenye gitaa si ya zamani sana. Ni miaka ya 1940, New York, ambapo fundi Albert Augustine, akisukumwa na Andrés Segovia, mpiga gitaa maarufu wa Uhispania, aliitumia kutengeneza nyuzi za kuchukua nafasi ya utumbo wa kondoo. Huku kwetu ilipata kazi nyingine: nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane zilizokuwa za mishipa ya ng'ombe, leo mara nyingi huvishwa uzi wa kuvulia samaki. Ndiyo maana kila mwezi kuna anayeuliza kama uzi wa kuvulia unafaa kwenye gitaa. Kwa zile tatu nyembamba, unasukuma siku: tafuta unene wa karibu milimita 0.7, 0.8 na 1. Lakini haukuchongwa kwa usawa ule, kwa hiyo ukipanda freti ya 12 tuni inakudanganya.

Saa saba

Ugali na ngege. Mikono inaoshwa kwa sabuni mara mbili kabla ya kurudi mezani, maana mafuta ya samaki kwenye uzi mpya ni kama kuuzika siku ya kuzaliwa.

Saa nane

Kufunga nyuzi za boksi. Makosa mengi yako hapa, si kwenye chapa ya pakiti.

Zungusha gololi ielekee ndani, iteremshe tunduni, weka pini huku mfereji wake ukitazama uzi, kisha vuta uzi juu huku ukikandamiza pini kwa kidole gumba. Utasikia gololi ikigota chini ya mbao. Isipogota, imekaa kwenye ncha ya pini, na pini itaruka ukianza kukaza.

Upande wa kichwa, vuta uzi unyooke, kisha urudishe nyuma kama sentimita 5 kabla ya kuzungusha. Hiyo inatoa mizunguko miwili au mitatu kwa nyuzi nene. Namba moja na mbili zinataka zaidi kidogo, tatu au nne, kwa sababu huteleza. Mizunguko ishuke chini, usirundike juu ya mwenzake. Anayeacha mizunguko minane atalalamika kwamba gitaa halishiki tuni. Sugua penseli laini kwenye mifereji ya mfupa wa juu, pale nyuzi zinapoingia kichwani, uzi usinase. Kisha vuta kila uzi kwa upole kutoka kwenye mbao, tuni, rudia mara tatu au nne. Ukiruka hatua hii utatumia wimbo wa kwanza kuhangaika na vigingi.

Saa kumi

Vijana wa benga wanapita kabla ya kazi ya usiku. Swali lao ni moja: nyuzi zinakaa muda gani?

Jibu linategemea saa za kupiga na jasho, kalenda haisaidii. Kwa seti ya kawaida, anayepiga ibada moja kwa wiki hupata miezi miwili hadi mitatu. Bendi ya usiku nne kwa wiki, kwa joto hili, wiki mbili ni nyingi. Mpiga solo wa benga anaishi juu ya freti ya tano hadi ya 15, kwa hiyo nyuzi zake hulika mahali palepale. Pitisha ukucha chini ya uzi juu ya freti: ukihisi kishimo, uzi umekwisha hata kama unang'aa. Kipimo kingine, gusa uzi juu ya freti ya 12 utoe mlio wa kengele, kisha ubonyeze palepale. Tuni mbili zikipishana ilhali zilikuwa sawa nyuzi zikiwa mpya, badilisha.

Kinachoua zile nene ni uchafu kuingia kati ya mizunguko ya waya. Uzito unakuwa si sawa, na ule mng'ao wa sauti za juu ndio unaotangulia kufa. Kwa boksi, nyuzi za shaba na zinki, 80 kwa 20, zinang'ara sana wiki ya kwanza na kufifia haraka. Bronzi ya fosfora inaanza kwa upole ila inadumu zaidi.

Zile zilizopakwa utando, kama za chapa ya Elixir, hukaa mara tatu au zaidi. Piga hesabu: seti ya shilingi 500 kila mwezi ni 6,000 kwa mwaka, na ya 2,000 kila miezi minne ni 6,000 pia. Unachonunua ni kupumzika kufunga nyuzi, si akiba. Na kama wewe hukata uzi kwa kuchapa, utando hauzuii chochote. Nunua za bei nafuu, ongeza namba moja tatu za ziada.

Saa kumi na moja

Mpiga besi ameleta nyuzi nne kwenye mfuko wa plastiki, zichemshwe. Inafanya kazi, kwa siku chache. Dakika kumi kwenye maji yanayochemka, mafuta yanaelea juu, halafu zianikwe zikauke kabisa hadi ndani, la sivyo kutu inakula kiini. Kuzilaza usiku kucha kwenye spiriti ni bora kuliko maji, mradi ziwe zimetolewa kwenye gitaa: spiriti hula vanishi. Kila mara ukizifungua na kuzikaza upya zinachoka pale zilipokunjwa. Mara mbili, basi.

Saa kumi na mbili

Mkebe unafungwa. Vipande vilivyokatwa vinaokotwa kimoja kimoja kwa sumaku ya spika mbovu, vinaingia kwenye chupa ya soda. Vile vya nailoni havishikwi na sumaku, vinatafutwa kwa tochi. Hapo nje ndipo bodaboda huegesha.