Wewe ni wa Waliouza au wa Walionunua?

Januari 2011 nilikuwa nimetimiza miezi mitano Ile-Ife, kusini-magharibi mwa Nigeria, nikisoma chuo kikuu. Vumbi la harmatani lilikuwa limeshuka kutoka Sahara, jua la saa tano likaonekana jeupe kama sahani ya bati, na midomo yangu ya mtu wa pwani ikapasuka. Kulikuwa na neno moja lililonirudisha nyumbani: baba. Wayoruba humwita baba "baba", vilevile kama sisi, na kila mtoto alipomwita baba yake barabarani mimi nilisikia Kilwa Kivinje.

Rafiki yangu, tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja bwenini, akaja na habari kwamba kaka yake mkubwa amepata mtoto wa kiume kijijini, na siku ya nane mtoto atapewa jina. "Twende," akasema. "Si unatafuta mambo ya wazee? Huko utawakuta wenyewe."

Nilibeba daftari jipya. Ukurasa wa kwanza niliandika maswali kwa namba: kijiji kilianzishwa na nani, mwaka gani, walitoka wapi. Tukapanda okada, ndivyo wanavyoiita bodaboda, tukaenda karibu saa nzima katikati ya mashamba ya kakao, tukafika wekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope.

Rafiki yangu aliposhuka alilala kifudifudi chini mbele ya baba yake, shati jeupe na yote. Ndiyo shikamoo yao: mwanamume hulala, mwanamke hupiga magoti. Nami nikalala. Mzee akanishika mabega, akaniinua, akaniuliza jambo nisilolielewa. Rafiki yangu akatafsiri: "Anauliza nyumbani kwenu hamjambo wote." Nikajibu hatujambo, na kusema kweli koo lilinikaba kidogo.

Baba yake alikuwa Alhaji, amehiji Makka. Kaka yake Alhaji, yaani baba mkubwa wa rafiki yangu, alikuwa babalawo, mtaalamu wa Ifa, dini na uaguzi wa jadi wa Wayoruba. Wenyewe hulifafanua jina hilo kuwa "baba mwenye siri". Shangazi mmoja alikuwa anaimba kwaya kanisani. Wote walikula sufuria moja. Nilipouliza inakuwaje, Alhaji akanipa msemo wao: *Aye la ba Ifa, aye la ba Imale, osan gangan ni igbagbo wole.* Ifa tuliikuta duniani, Uislamu tuliukuta duniani, Ukristo uliingia mchana kweupe. Nikauandika. Nilipenda kwamba Uislamu umewakaa muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayekumbuka siku ulipobisha hodi.

Asubuhi ya jina, alfa, ndivyo wanavyomwita sheikh, alisoma dua, akalitamka jina la mtoto, kondoo akachinjwa. Mpaka hapo nilikuwa kwenye akika ya kwetu kabisa, mikono imeinuliwa, naitikia amin. Kisha mama mmoja akaleta sinia lenye vibakuli. Asali, chumvi, maji, mafuta ya mawese, kola na tunda jingine chungu kama kola linaloitwa orogbo. Kila kitu kiliguswa kwenye midomo ya mtoto, kisha vibakuli vikatuzunguka sote, kila mtu akionja na kumwombea. Lugha yenyewe ndiyo inafanya kazi pale. Kola ni *obi*, na *bi* ni kusukuma: isukume mbali mauti. Ndani ya *orogbo* mna *gbo*, kuzeeka: mtoto azeeke. Maji ni kwa sababu maji hayana adui. Orogbo ilipofika kwangu niliitafuna mpaka mwisho, uchungu ukanishuka hadi kifuani.

Baada ya chakula, viazi vikuu vilivyotwangwa vikawa laini kama mto, nilimfuata Baba, yule babalawo, kibarazani na daftari langu. Nikamuuliza swali la kwanza.

"La mwanzo wa dunia ni langu," akasema. "La nyumba hii muulize mama yangu."

La mwanzo wa dunia akanipa bila kusita. Oduduwa, babu wa Wayoruba wote, alishuka kutoka mbinguni kwa mnyororo, chini kote maji matupu, akamwaga mchanga juu ya maji na kumweka kuku mwenye vidole vitano. Kuku akachakura, nchi kavu ikatawanyika, na mahali alipochakura ndipo Ile-Ife. Nikasema nimesikia pia kwamba Oduduwa alitoka Makka, mtoto wa Lamurudu, akafukuzwa kwa ajili ya dini. Akanyoosha kidole kwa ndugu yake Alhaji aliyekaa chini ya mwembe. "Hiyo ni yake. Nikikusimulia mimi nitaiharibu." Hilo nililiandika na kulipigia mstari. Kwetu kila mtu husimulia kila kitu. Pale kila neno lilikuwa na mwenyewe.

Jioni akaniruhusu kukaa chumbani alipompigia Ifa yule mtoto, kujua miguu yake imeikanyaga dunia kwa njia gani. Nilisita mlangoni. Nimelelewa chuoni, kwenye juzuu na mbao, na najua mwalimu wangu angesema nini. Alhaji akanigusa mgongo: "Kaa, utazame. Hukuombwa uamini." Nikakaa karibu na ukuta.

Kulikuwa na ubao wa duara, ukingo wake umechongwa, juu yake umenyunyizwa unga wa manjano. Baba alikuwa na kokwa 16 za mchikichi, nyeusi na zinang'aa kwa miaka ya mafuta ya viganja. Anazikumbatia kokwa kwa viganja viwili, anazinyakua zote kwa mkupuo mmoja, anatazama zilizobaki. Ikibaki moja, anachora alama mbili kwenye unga kwa ncha ya kidole. Zikibaki mbili, alama moja. Isipobaki hata moja, au zikizidi mbili, anarudia. Mara nane, mpaka zikasimama safu mbili za mistari minne minne, kulia kwanza, kisha kushoto.

Nilipoziona zimekamilika nywele zilinisimama. Nilikuwa nazijua. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mzee mtaani kwetu Kivinje, mpiga ramli, mwenye bao la mchanga alilokuwa akilifunika kwa kitambaa cha kijani. Watoto tulikatazwa kwenda, kwa hiyo tulikwenda. Mchangani kwake kulikuwa na vitu hivihivi: mistari minne, kila mstari nukta moja au mbili, ambavyo jumla yake ni maumbo 16. Ifa hupanga mawili kwa mawili, ikapata 256, kila moja ni odu yenye jina lake. Darasani nilikuwa nimeambiwa hesabu hiyo, na kwamba mwaka 2005 UNESCO iliitangaza Ifa kuwa urithi wa wanadamu wote. Darasani sikuambiwa kwamba nitaikuta ramli ya mtaa wetu sakafuni, upande wa pili wa bara.

Nilimwambia Baba. Hakushangaa. Aliniuliza yule mzee wa Kivinje alikuwa akisema nini baada ya kuchora. Nikamwambia alikuwa na kitabu cha Kiarabu, anafungua na kusoma. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi kitabu kikiungua?"

Kisha akaanza kughani. Sitaandika ni odu gani iliyomtokea mtoto, ni mali yake. Lakini naweza kusema jinsi aya zinavyojengwa. Hutajwa kwanza majina ya waganga wa kale, halafu *a dia fun*, "ndio waliompigia Ifa" fulani, siku alipokuwa akienda mahali fulani au akilia kwa jambo fulani. Aliambiwa atoe kafara. Alitoa au hakutoa. Na yaliyompata. Kila aya, kwa hiyo, ni kesi iliyowahi kuamuliwa, na mgonjwa wa leo anatafutwa ndani ya mgonjwa wa zamani. Kuna odu, Otura Meji, ambayo ndani yake wamo hadi Waislamu.

Aya ya tatu Baba aliteleza neno moja. Mimi nisingejua. Mwanafunzi wake, kijana wa miaka kama 15 aliyekaa nyuma akiwa na jezi ya Chelsea, akalitamka neno lenyewe kwa sauti ndogo. Baba akanyamaza, akarudi mwanzo wa aya kabisa, akaighani upya yote. Hakumkaripia kijana. Nimekaa na maprofesa wengi tangu siku ile, na bado ile ndiyo picha inayonijia nikisikia neno "usahihi".

Mama yao, Iya Agba, nilimpata asubuhi ya pili. Alikuwa mdogo wa umbo, amekaa kwenye mkeka na kitukuu mapajani, anamwita "mume wangu". Bibi yangu alikuwa akiniita hivyohivyo. Nikapiga magoti, nikakumbuka kwamba mwanamume hulala, nikalala, na yeye akaniwekea mkono kisogoni.

Nikamuuliza kijiji kilianzishwa mwaka gani. Hakujibu. Alimgeuza mtoto amtazame usoni na kuanza kumwimbia oriki, majigambo ya ukoo, sauti ikipanda ghafla kama ya msichana. Rafiki yangu alikuwa akitafsiri, baadaye akaacha, maana oriki ya ukoo wako ikisemwa mbele yako huwezi kukaa ukitafsiri. Nilimwona amefumba macho. Niliyoyapata ni haya: kwamba wao ni watu wa Ikoyi. Kwamba shujaa wa Ikoyi hachomwi mshale mgongoni, mshale humkuta kifuani. Kwamba kulikuwa na mji, na farasi, na moto.

Nililinganisha baadaye na vitabu. Oyo ya kale, mji mkuu wa dola yao kaskazini ambayo Ikoyi ulikuwa mmoja wa miji yake, ilihamwa miaka ya 1830 baada ya vita na Ilorin, na wakimbizi wakamiminika kusini, wengi hadi pande za Ife. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na jibu la swali langu namba mbili na namba tatu, na jibu hilo lilikuwa likiimbwa kwa mtoto wa siku tisa. Na aliyelishika hakuwa wa ukoo ule. Iya Agba aliletwa pale mwari, ameolewa kutoka kijiji kingine. Oriki za mumewe alijifunza kwa wake waliomtangulia, akipika nao. Kwao ndivyo ilivyo, wake wa nyumba ndio hasa wanaoijua nyumba. Nilimuuliza oriki za kwao alikozaliwa anazikumbuka. Akaimba hizo pia, sauti nyingine kabisa, na akafuta jicho.

Kisha akanigeukia. "Na wewe? Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia la Kilwa, kama bibi alivyonisimulia. Kwamba Kisiwani alikaa Mrimba na watu wake. Kwamba likaja jahazi kutoka Shiraz na sultani, naye akamwoa binti wa Mrimba. Akataka kukinunua kisiwa, Mrimba akataka nguo za kukizungushia kisiwa kizima, nguo zikatandikwa, Mrimba akazichukua na kuvuka bara. Baadaye akataka kurudi kwa vita, maji yakitoka, lakini yule sultani alikuwa ameshasoma dua na kutoa sadaka, na bahari haikukauka tena.

Iya Agba alisikiliza bila kupepesa. Watoto walikuwa wamejaa mlangoni. Nguo ya kuzunguka kisiwa iliwaingia sana. Mmoja aliuliza ilikuwa rangi gani. Iya akarudia polepole, akiijaribu mdomoni kwa Kiyoruba, na rafiki yangu akaninong'oneza: "Anakutungia oriki."

Akafika mahali akakwama. "Wewe ni wa waliouza au wa walionunua?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Kwetu wengi wangejibu haraka kwamba ni Washirazi, yaani walionunua, na mimi nimewahi kujibu hivyo. Mbele ya mkeka ule nikaona siwezi. Nikasema, "Iya, nadhani wa wote wawili. Kwa yule binti."

Uso wake ukafunguka. Akapiga kofi moja pajani. "Basi wewe ni wa mke," akasema. "Jina lake nani?"

Kimya. Nilikuwa na jina la baba yake na cheo cha mumewe, najua bei ya kisiwa na mwendo wa maji. Jina la mwanamke mwenyewe sikuwa nalo, na sikuwahi hata kuliuliza. Iya Agba alisubiri. Oriki haiendi bila jina, na yeye hakuwa mtu wa kujaza pengo kwa neno lolote lile.

Tulirudi Ife Jumapili jioni. Nilinunua vocha, nikasimama nje ya bweni palipokuwa na mtandao, nikapiga Kivinje. Mama akampelekea bibi simu kitandani. Nilimwamkia, nikamuuliza hali, kisha nikamuuliza binti wa Mrimba alikuwa anaitwa nani.

Nilisikia feni inazunguka kule, na jogoo wa jirani asiyejua saa. Bibi alikaa kimya kwa muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika.

"Hilo, mume wangu," akasema, "sikuambiwa."