Maharagwe, pera na chai: asidi zinazoamua hatima ya chuma

Sahani ya maharagwe na dodo (mchicha) ina madini ya chuma, lakini sehemu kubwa hutoka na choo bila kufika kwenye damu. Mkosaji mkuu ni asidi fitiki, iliyojaa kwenye maharagwe na nafaka. Hukishika chuma kisiyeyuke, utumbo ukashindwa kukifyonza.

Anayemshinda ni asidi askobiki, yaani vitamini C. Hukigeuza chuma cha mimea kiwe katika hali ambayo utumbo hukipokea, ila sharti viliwe mlo mmoja: chungwa la asubuhi haliyafai maharagwe ya jioni. Wengi hukamulia ndimu, na ni vizuri, lakini maji ya ndimu moja yana takriban miligramu 13 tu. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200! Inauma kuona mapera yakioza chini ya mti huku watoto wa nyumba hiyo hiyo wakiwa na upungufu wa damu. Ndimu nayo ikamulie sahanini, si chunguni, kwa kuwa moto huiharibu vitamini C.

Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, pikia mengine: fitiki hupungua. Kwa ulezi, uchachushaji hufanya kazi vizuri zaidi. Obushera, yaani uji wa nafaka uliochachushwa, inapochacha, asidi ya laktiki huongeza uchachu mpaka kimeng'enya cha nafaka yenyewe kinaanza kuivunja fitiki.

Chai huharibu yote haya. Tanini zake hukinasa chuma, kwa hiyo isiandamane na chakula. Ingoje angalau saa moja.

Asidi ya foliki, vitamini ya kundi B, ni habari nyingine: mikrogramu 400 kila siku, tena kuanzia kabla ya mimba. Mfereji wa neva wa mtoto, unaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, na mama wengi huwa hawajajua bado. Kungoja kliniki ya wajawazito ni kuchelewa.

Kuna pia asidi ya tumbo lenyewe, ambayo watu huiona adui. Bila hiyo chuma cha mboga hakiyeyuki vizuri. Anayetumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi hiyo, kwa muda mrefu, na huku anameza vidonge vya chuma, amwambie mhudumu wa afya kuhusu dawa zote mbili. Vidonge hivyo vimezwe kwa maji au maji ya chungwa, si kwa chai wala maziwa.