Kabla Jukwaa Halijapandishwa Mlimani

Waandaaji wa matamasha ya muziki ya wazi hapa Nakuru wanapenda miinuko, na ninawaelewa. Ukingo wa Menengai uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, upepo wake ni safi, na anayesimama pale huona upande mmoja bonde la volkeno lenye urefu wa takriban kilomita 12 na upana wa kilomita 8, na upande wa pili jiji na ziwa. Gitaa la benga likipigwa jioni mahali kama hapo husikika tofauti na linavyosikika ukumbini. Mimi ni mpenzi wa muziki huo tangu utotoni, na ni mtumiaji wa kiti cha magurudumu tangu ajali ya barabarani iliyouumiza uti wangu wa mgongo. Kila tunapolalamika, sisi wenye ulemavu huulizwa kama tunataka mlima usawazishwe kwa ajili yetu. Hakuna anayetaka hivyo. Tunachotaka kujadili ni ramani ya uwanja.

Ramani hiyo huchorwa mapema, siku ambayo waandaaji wanakwenda kuukagua uwanja kwa mara ya kwanza. Siku hiyo ndipo inapoamuliwa jukwaa litaelekea wapi, magari yataishia wapi, jenereta itanguruma upande gani na vyoo vitakuwa umbali gani kutoka kwa umati. Magari yakiishia bondeni na jukwaa likawekwa kileleni, mtu wa kiti cha magurudumu ameshafungiwa nje kabla tikiti ya kwanza haijauzwa, na mbao zitakazopigiliwa misumari baadaye haziwezi kuufuta mteremko mkali uliobaki katikati. Jukwaa hilohilo likiwekwa pale barabara inapoishia, umati ukapanda mteremko unaolitazama, wenye miguu imara watakaa juu na kuona vizuri, nasi tutakaa chini kwenye sehemu tambarare iliyo karibu na njia, mradi sehemu hiyo izungushiwe kamba na isigeuzwe kuwa ghala la masanduku ya spika.

Mlima ukipangwa kwa akili unaweza hata kusaidia. Huko Marekani, katika jimbo la Colorado, ukumbi wa wazi wa Red Rocks ulifunguliwa mwaka 1941 katikati ya miamba mikubwa, karibu mita 1,966 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kidogo kuliko jiji letu. Viti vyake vimepangwa kwa ngazi katika mistari 70, na kiti cha magurudumu hakiwezi kushuka kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo nafasi za viti vya magurudumu ziliwekwa kwenye ncha mbili, mstari wa kwanza na mstari wa 70, mahali ambapo mtu anaweza kufika bila kupanda ngazi zile. Hata huko haikutosha, kwa kuwa mashabiki wenye ulemavu walilazimika kulishtaki Jiji la Denver, ambalo ndilo mmiliki, wakilalamika kwamba nafasi za mstari wa kwanza zilikuwa zikichukuliwa na watu wasio na ulemavu. Nafasi ikitengwa bila mtu wa kuilinda, saa mbili za usiku itakuwa imejaa watu waliosimama.

Kusimama huko ni tatizo lenyewe. Macho ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu huwa kwenye kimo cha sentimita 120 hivi, kwa hiyo umati ukisimama mbele yake huona migongo tu. Dawa yake ni ulingo wa mbao ulioinuliwa, wenye ukingo wa kuzuia magurudumu yasiteleze na nafasi ya kila mmoja kukaa na mtu aliyekuja naye. Ulingo huo unahitaji rampu, na rampu ina hesabu yake inayojulikana: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ulingo wa kimo cha nusu mita unahitaji rampu ya mita sita. Nimeona mafundi wazuri wakitengeneza rampu ya mita mbili kwa kimo hicho kwa sababu mbao ziliisha, na rampu ya namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na rampu kabisa, maana kiti hupinduka nyuma na aliyemo hutua kwa kisogo.

Kisha kuna udongo. Ardhi ya Menengai ni ya volkeno, na kiangazi hugeuka vumbi jepesi ambalo magurudumu madogo ya mbele huzama ndani yake papo hapo, kiti kikasimama ghafla na aliyekikalia akarushwa mbele. Mvua za masika zikinyesha, vumbi hilohilo huwa tope. Changarawe iliyoshindiliwa vizuri hufanya kazi, na pale isipopatikana vipande vya plaiwudi nene vilivyounganishwa bila kuacha nyufa hutosha kwa siku mbili au tatu. Njia iwe na upana wa mita moja na nusu, ili viti viwili visikwamane na anayetembea kwa magongo asisukumwe pembeni. Kamba za mahema na nyaya za umeme zisipite juu ya njia hiyo. Mtu asiyeona huigundua kamba ya hema kwa shingo yake, kwa kuwa fimbo nyeupe hupapasa chini.

Katika tamasha moja ambalo sitalitaja, mlinzi wa langoni alinipokea kwa ukarimu wa kweli. "Dada, usijali," aliniambia, "vijana wapo, watakubeba hadi mbele." Shemeji yangu, aliyekuwa amenisindikiza, akamuuliza, "Na akitaka kwenda msalani, kaka?" Mlinzi akajibu kwamba vijana wataitwa tena. Ninaukumbuka ukarimu huo bila kinyongo, lakini ninataka wasomaji waelewe kinachotokea mwanamke mwenye jeraha la uti wa mgongo anapobebwa na vijana wanne asiowafahamu juu ya mawe yaliyolegea. Mmoja hushika sehemu ya kuwekea mkono, ambayo katika viti vingi huchomoka. Mwingine hushika mguu ambao mwenyewe hausikii, kwa hiyo hata ukiumia hatajua mpaka atakapofika nyumbani na kuona damu. Jioni ikiingia, vijana walewale huwa wamekwisha kunywa. Zaidi ya yote, saa ya kuondoka kwako huwa mikononi mwa mtu mwingine.

Suala la msalani ndilo linalowafanya wengi wetu wabaki nyumbani. Wapo ninaowafahamu ambao huacha kunywa maji tangu asubuhi ili wasihitaji choo hadi watakaporudi, na jambo hilo juu ya mlima wenye jua kali na upepo mkavu ni kujitafutia maradhi, hasa kwa mtu anayetumia mpira wa mkojo, ambaye upungufu wa maji humkaribishia maambukizi. Vyoo vya plastiki vinavyokodishwa kwa sherehe huwa vimeinuliwa kutoka ardhini, mlango wake ni mwembamba, na ndani hakuna nafasi ya kugeuka. Havitufai hata vikiwa hamsini. Fundi wa hapa hapa anaweza kujenga choo cha muda chenye mlango wa sentimita 90, nafasi ya kugeuza kiti ya mita moja na nusu kila upande, vyuma vya kushikilia vilivyofungwa kwenye nguzo imara, kiti cha kukalia badala ya shimo tupu, maji yaliyo kwenye kimo cha mkono wa aliyeketi, na taa. Taa husahauliwa sana, na usiku wa Menengai ni mweusi kweli.

Nimezungumza mno juu ya magurudumu kwa kuwa ndiyo ninayoyajua mwilini mwangu, lakini watu viziwi pia hupenda muziki, na wanaoshangaa hawajawahi kusimama karibu na ngoma ya isukuti na kuisikia kifuani. Ulingo wa mbao husaidia tena hapa, maana hupitisha mtetemo wa besi hadi kwenye nyayo. Mkalimani wa lugha ya ishara anahitaji mwanga wake mwenyewe na mahali pa kusimama ambapo anaonekana pamoja na mwimbaji, na jambo linalopuuzwa kabisa katika eneo letu ni kwamba anahitaji maneno ya nyimbo mapema. Katika jioni moja utasikia Dholuo, Kikalenjin, Kiluhya, Kikuyu na Kiswahili, na hakuna mkalimani anayeweza kuzimudu zote papo kwa papo. Bendi zikiombwa maneno hayo wiki mbili kabla, kazi yake inawezekana. Asipopewa, atabaki kuashiria kwamba mtu anaimba.

Watu wenye ualbino wanahitaji kivuli, na wanakihitaji zaidi mlimani, kwa kuwa nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu apandapo mita 1,000. Ngozi huungua hata pale baridi inapomdanganya mtu kwamba jua ni pole. Wenye kifafa wanapaswa kuambiwa mapema kama taa za kumeta zitatumika, na watoto wenye usonji hupumzika vizuri wakipata hema tulivu mbali na jenereta. Baridi ya usiku nayo ina hatari isiyojulikana na wengi: miili yetu sisi wenye jeraha la uti wa mgongo haiwezi kujipasha joto vizuri chini ya sehemu iliyojeruhiwa, na mtu akitusogeza karibu na jiko la makaa kwa huruma, tunaweza kuungua miguu bila kuhisi lolote.

Waandaaji hunijibu mara nyingi kwamba watu wenyewe ni wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu nchini Kenya miongoni mwa wenye umri wa miaka mitano na kuendelea, na hao wana ndugu na marafiki ambao nao hawaji wasipokuja pamoja. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, pamoja na usafiri wa umma na habari, na ibara ya 7 inalitaka taifa likuze lugha ya ishara ya Kenya na maandishi ya breli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2008, unataja waziwazi katika kifungu cha 30 ushiriki katika utamaduni, burudani na michezo. Ninasisitiza kifungu hicho kwa sababu tumezoea kuambiwa tusubiri, eti hospitali na shule kwanza, muziki baadaye. Nimesubiri miaka mingi, na wanamuziki niliowapenda nikiwa msichana wengine wamekwisha kufariki.

Mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi yangebadilisha mengi hata msimu huu. La kwanza ni habari. Matangazo yetu husambazwa kama picha kwenye simu, na programu inayomsomea mtu asiyeona mara nyingi haiwezi kuyasoma maneno yaliyo ndani ya picha, kwa hiyo tangazo liandikwe pia kama maandishi ya kawaida. Liseme ukweli juu ya uwanja: umbali kutoka maegesho hadi jukwaani, aina ya ardhi, choo kikoje, mkalimani yupo au hayupo. Nikijua kwamba kuna mita mia mbili za mawe, nitaamua mwenyewe. Nikiambiwa tu "karibuni wote", nitagundua nikiwa tayari nimelipia gari la kukodi, maana matatu nyingi hukataa kiti changu au hukitoza nauli kama mzigo. La pili ni gari hilo lenyewe kuruhusiwa kupita kizuizi cha chini na kufika lango la ndani. Walinzi wapewe agizo hilo kwa maandishi, kwa kuwa la mdomo hupotea zamu inapobadilika. Tikiti ya msaidizi pia isitozwe, kwani yeye haji kustarehe kama wengine. Usiku kucha anafanya kazi ambayo uwanja haujaifanya.

Kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia likijadiliwa, nalo ni namna ya kushuka. Mvua kubwa na radi zikianza ghafla, umati hukimbilia magari kupitia njia moja, na walio kwenye ulingo hubaki nyuma au hukanyagwa. Kila ulingo unapaswa kuwa na watu waliotajwa kwa majina, waliofundishwa kukishika kiti sehemu zisizochomoka na kumuuliza mwenyewe kwanza namna anavyotaka kusaidiwa, na gari moja lisimame karibu usiku wote likiwa na dereva wake, lisitumwe kuleta barafu wala wasanii.

Kwa wale wanaopanga tamasha la mwisho wa mwaka huku kwetu, niko tayari kuja siku ya kukagua uwanja nikiwa na futi ya kupimia, pamoja na wenzangu wawili, mmoja asiyeona na mwingine kiziwi. Asubuhi inatufaa zaidi, kabla jua halijawa kali, na tunaomba mafundi wa jukwaa wawepo ili tuzungumze kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa.