Kipande Kisichofagiliwa

Kikao cha kikundi chetu cha bustani leo kilianza palepale: tuchange tununue mizinga ya nyuki. Ukitaja kuwasaidia nyuki tu, mawazo ya watu yanakimbilia asali. Sikubishana sana (asali naipenda mno), lakini moyoni nilinuna.

Aina za nyuki zinazojulikana duniani zinapita 20,000, na wanaofugwa kwa asali ni wachache mno. Wengi wa hao wengine hawana malkia wala mzinga. Jike anajichimbia shimo lake ardhini au anaingia kwenye bua kavu, anarundika chavua, anataga, anaziba mlango, kazi imekwisha. Mtu wa kuwasemea kikaoni hawana. Tena mizinga ikijazwa mahali penye maua haba, wao ndio wanaokosa chakula.

Asubuhi nilimtazama mmoja kwenye mche wa nyanya, mnene, mweusi. Alilishika ua kwa taya, akajikunja, kisha akavuma bila kupiga mabawa, sauti kali kuliko ile ya kuruka. Chavua ikamwagikia tumboni kama unga. Ua la nyanya huifungia chavua ndani, ikitokea kwenye vitundu vidogo, na mtikisiko wa namna hiyo ndio unaoitoa vizuri. Nyuki wa asali kazi hiyo haiwezi.

Nilipowasimulia haya, mazungumzo yakageuka. Tulikubaliana kuacha upande mmoja wa bustani bila kufyekwa, mabua makavu yabaki yamesimama, na sehemu ya udongo mtupu inayopigwa na jua isifunikwe nyasi. Maua tutachanganya ya asili ya hapahapa, haya yakikoma yale yawe yanafunguka. Hapo hapakuwa na ubishi.

Ubishi ulikuja kwenye uchafu. Mama mmoja alisema wazi: "Jamani, watu watatuona wavivu." Ana haki. Sisi tumelelewa kwa fagio, na uwanja wenye magugu ni aibu ya mwenye nyumba. Tukamaliza kwa kukubali kingo zifyekwe vizuri, ili apitaye ajue katikati pameachwa kwa makusudi. Mizinga imeahirishwa, haijafutwa.

Mimi nimebebeshwa zigo la kuzungumza na jirani anayepulizia dawa asubuhi, maua yakiwa wazi na nyuki wamejaa. Ningependa aache kabisa wakati wa maua. Akikataa, nitamwomba apulizie jioni nyuki wakishatulia, ingawa dawa nyingine hubaki kwenye ua hadi kesho yake, na jioni ndiyo saa ya nondo, wale vipepeo wa usiku, kuingia kazini. Ni mtu mzima, haambiwi ovyo. Nitaanza kwa kumuulizia hali ya mboga zake, nione atanijibuje.